Chuo kimefungwa, masomo yanaendelea: njia nne za kufundisha udaktari kwa mtandao, na ipi inamfaa nani

"Tuko pamoja?"

Aliyeuliza alikuwa mwalimu wetu wa magonjwa ya watoto, Aprili 2020. Kwenye simu yangu kulikuwa na majina themanini na kitu, kamera zote zimezimwa. Nilikuwa nyumbani kwa mama, Makorora, Tanga, simu nimeiegemeza dirishani kwa sababu mtandao ulikuwa ukishika hapo tu. Masika yalikuwa yanapiga bati. Zikapita kama sekunde kumi za kimya. Mmoja akaandika "Tuko pamoja dokta", na sisi wengine tukanakili. Dokta akaridhika, akafungua slaidi ya 34.

Mimi sikuwa pamoja naye. Nilikuwa jikoni nageuza samaki.

Mgonjwa wa kwanza wa Uviko-19 nchini alitangazwa tarehe 16 Machi 2020. Vyuo vikafungwa siku mbili baadaye, vikafunguliwa tarehe 1 Juni. Kwa miezi hiyo miwili na nusu tulijaribu kila kitu kilichojaribika kwenye simu, kwa kujitolea, bila ratiba rasmi. Leo mimi ndiye ninayeuliza "tuko pamoja?", maana nafundisha wanafunzi wa afya hapahapa Tanga. Ugonjwa wa virusi vya Marburg ulipozuka Kagera mwaka 2023, na ulipotokea tena mwanzoni mwa 2025, swali lilirudi kwenye chumba cha walimu: tukifungiwa tena, tutumie njia gani? Wenzangu hubishania Zoom na WhatsApp kama mashabiki wa Coastal Union na African Sports, timu zetu za mpira za Tanga. Nimeona niandike ninachokijua kuhusu njia nne, kila mtu apime kwa hali yake.

Vigezo kwanza

Kigezo ninachokipa uzito kuliko vyote ni *ushiriki*, na nina namna moja tu ya kuupima: ndani ya saa moja, kila mwanafunzi amelazimika kujibu mara ngapi? Sisemi ameruhusiwa kuuliza; nasema amelazimika kuamua jambo. Udaktari ni kazi ya kuamua: nimuulize nini mama huyu, nipime nini, nianze na dawa gani. Somo ambalo mwanafunzi hajibu hata mara moja ni redio, hata likiwa na picha nzuri namna gani.

Vingine ni *bando na umeme*. *Siri ya mgonjwa*, kwa kuwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inaziweka habari za afya kwenye kundi la taarifa nyeti. Na *kazi ya mwalimu*, ambayo watu huisahau mpaka mwalimu azime simu.

Halafu kuna suala la ngazi ya ujuzi. Mwaka 1990 George Miller, mwalimu wa madaktari kule Marekani, alichora piramidi yenye ngazi nne: kujua, kujua namna, kuonyesha namna, na kutenda. Mtandao unapanda ngazi mbili za chini bila shida. Ya tatu unaifikia kwa kuchechemea. Ya nne iko wodini, na hakuna programu itakayoihamisha.

1. Darasa mubashara la video

Hapa namaanisha Zoom, Google Meet, BigBlueButton na ndugu zao.

*Ushiriki.* Njia hii ni nzuri kwa kadiri mwalimu anavyoichokoza. Ikiachwa yenyewe, inazaa lile darasa langu la samaki. Lakini ina silaha mbili ambazo njia nyingine hazina. Ya kwanza ni kura ya papo hapo. Mtoto wa miaka 2 ameharisha siku tatu, macho yameingia ndani, amelegea, hawezi kunywa. Uanze na nini: ORS (maji ya kunywa ya chumvi na sukari), dripu, zinki, au antibiotiki? Nilipouliza hivyo mara ya kwanza, kundi kubwa lilichagua ORS, kwa sababu ndiyo iliyokaririwa. Huyo mtoto ana upungufu mkubwa wa maji na hawezi kunywa, kwa hiyo dripu inaanza sasa hivi: kwa umri wake, mililita 30 kwa kila kilo ndani ya nusu saa, kisha mililita 70 kwa kila kilo ndani ya saa mbili na nusu. Kosa lilikuwa limeanikwa kwenye skrini, bila jina la mtu, na darasa zima likakaa wima. Nilikuwa nimelisema jambo hilo wiki nzima, halikuwaingia kama lilivyowaingia ndani ya dakika ile.

Silaha ya pili ni kuwagawa kwenye vyumba vidogo vya watu watano au sita. Mtu anayejificha kati ya themanini hana pa kujificha kati ya watano. Ila wape kazi yenye jibu la kurudi nalo. Ukiwaambia tu "jadilini", watajadili mpira.

*Bando na umeme.* Hapa kuna hesabu inayoweza kukuokolea fedha nyingi. Kwa maelezo ya Zoom wenyewe, kupokea video ya kikundi yenye ubora mzuri kunahitaji kuanzia kilobiti 600 kwa sekunde, yaani kama MB 270 kwa saa. Sauti peke yake inatumia kilobiti 60 hadi 80, na slaidi bila sura ya mtu 50 hadi 75. Sauti na slaidi kwa pamoja hazizidi MB 70 kwa saa. Basi zima kamera wakati wa maelezo, ziwashwe kwenye vyumba vidogo tu, pale sura inapokuwa na kazi. Enzi zile hatukujua hivyo. Bando la wiki likawa kama msemo wetu wa Tanga, waja leo waondoka leo.

Kukatika kwa umeme ndiyo tatizo lisilo na hesabu. Aliyetoka hewani dakika ya 20 akarudi dakika ya 35 amepoteza kiungo cha katikati, na mara nyingi haulizi. Kumbuka pia kwamba kwa asiyelipia, Zoom inamkatia kikundi chake kwenye dakika ya 40. Nikipanga somo la bure huwa nalikata kwa makusudi kwenye dakika ya 35, na huo ni urefu wa kutosha kwa binadamu. BigBlueButton, iliyoanzia Chuo Kikuu cha Carleton nchini Kanada mwaka 2007, ni ya bure na ilitengenezwa kwa ajili ya darasa, lakini chuo kinahitaji seva na mtu wa kuihudumia.

*Siri ya mgonjwa.* Ni salama ikiwa huonyeshi mgonjwa. Hatari iko kwenye rekodi inayobaki.

*Kazi ya mwalimu.* Maandalizi ni kidogo, jasho ni jingi. Msiwe chini ya watu wawili: mmoja afundishe, mwingine asome maandishi yanayoingia.

*Inamfaa:* darasa lenye mtandao wa mjini, somo lenye mabishano, na mwalimu asiyeogopa kimya. Kura ikishafunguliwa, ngoja majibu.

2. Video fupi za kurekodi, na maswali

*Ushiriki.* Video yenyewe haishirikishi mtu. Kinachoshirikisha ni swali linalofunga mlango. Moodle, programu ya kuendeshea masomo ambayo ilitolewa mara ya kwanza mwaka 2002 na ni ya bure, inaweza kupangwa ili video ya pili isifunguke mpaka maswali ya ile ya kwanza yajibiwe. Google Classroom ni nyepesi zaidi kuanza nayo, ila mlango wake hauna komeo kali kama hilo. Kwa vyovyote, video isizidi dakika kumi. Nimeona mhadhara wa saa moja na nusu uliorekodiwa ukumbini ukapandishwa mzimamzima; wanafunzi waliutazama kwa kasi maradufu huku wanafua.

Udhaifu wake ni kwamba mwanafunzi akikosea leo, anasahihishwa kesho. Dawa yake ni kukutana mubashara mara moja kwa wiki, nusu saa, kujadili yale maswali mawili matatu yaliyowaangusha wengi. Usiyarudie mengine.

*Bando na umeme.* Kwa mwanafunzi wa kijijini njia hii haina mpinzani. Atapakua usiku, au atapakua siku akienda mjini. Mwenzetu mmoja alikuwa Kilindi mwaka ule, mtandao ukishika kwa kubahatisha. Tulimwekea video kwenye flashi, flashi kwenye bahasha, bahasha kwa kondakta wa basi la Songe. Ilimfikia jioni yake. Majibu akayatuma kwa meseji za kawaida: 1B, 2D, 3A. Kwa kipimo changu cha ushiriki, yule wa Kilindi alijibu mara nyingi kuliko mimi niliyekuwa mjini na MB zangu.

*Siri ya mgonjwa.* Haina shida, mradi utumie michoro au picha zilizoruhusiwa.

*Kazi ya mwalimu.* Nzito mno mwanzoni. Dakika kumi za kwanza nilizorekodi zilinila alasiri nzima, kwa sababu kila nikifika kwenye figo, jogoo wa jirani anawika. Lakini mwaka unaofuata kazi hiyo ipo tayari, na ndiyo faida yake.

*Inamfaa:* anatomia, fiziolojia, famakolojia. Wanafunzi wa mwaka wa 1 na wa 2. Na walio kazini wanaosoma usiku.

3. Kesi kwenye kundi la WhatsApp

Wenye mitambo huidharau njia hii. Mimi naiheshimu, na nitakuambia kwa nini.

Siku moja niliwatumia wanafunzi video ya sekunde 60: tumbo la mtoto wangu amelala, fulana imepandishwa, kitovu kinapanda na kushuka. Hana homa, hana lolote. Swali: anahema mara ngapi kwa dakika? Kila mtu anitumie jibu faragha kwanza, ndipo tuyaweke hadharani. Yakaja 26, 28, 27, 34, 28, na mmoja 40. Video ni ileile moja! Tukaanza kuulizana. Aliyepata 34 alihesabu nusu dakika akazidisha kwa mbili, na nusu yake ilianza mtoto alipojigeuza. Aliyepata 40 alihesabu kupanda na kushuka kama vitu viwili mpaka alipochoka. Kuanzia hapo ikawa rahisi kueleza kwa nini mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unataka uhesabu dakika nzima: kwa mtoto wa mwaka 1 hadi 5, mihemo 40 au zaidi kwa dakika ni kuhema haraka, na mwenye kikohozi akihema hivyo unamtibu kama mwenye nimonia. Yule wa 40 alikuwa karibu kumpa mwanangu amoksilini.

*Ushiriki.* Ukiipanga hivyo, kila mtu anajibu, na anajibu kabla hajaona la mwenzake. Siri iko kwenye kuitoa kesi vipandevipande. Asubuhi natuma ujumbe wa sauti nikiwa mimi ndiye mama: "Mwanangu anakohoa siku ya nne leo, usiku halali." Kila mwanafunzi ana swali moja tu la kuniuliza, na hakuna kurudia la mwenzake. Mchana natoa yaliyoonekana kwenye kumpima. Jioni kila mmoja anatoa uamuzi na sababu yake. Wanaolifahamu somo la ualimu wataona hapa harufu ya ufundishaji wa kuanzia kwenye tatizo, ambao Chuo Kikuu cha McMaster cha Kanada kiliuanza mwaka 1969. Tofauti ni kwamba wao walikaa mezani.

Kundi liwe la watu sita hadi wanane. WhatsApp siku hizi inaruhusu zaidi ya watu 1,000. Huo ni mkutano wa hadhara, si darasa.

*Bando na umeme.* Ujumbe wa sauti wa dakika chache haufiki hata MB 1, na ukikosa mtandao unasubiri. Simu ikizimika saa tatu, ukiiwasha unaikuta kesi pale ulipoiacha. Kwa mkoa kama wetu, wenye mjini Chumbageni na wenye milima ya Lushoto, hilo ni jambo kubwa.

*Siri ya mgonjwa.* Hapa ndipo njia hii inapoumwa. Nilipokuwa intern, yaani daktari mpya aliye mazoezini, kwenye hospitali ambayo sitaitaja, picha ya eksirei ilirushwa kwenye kundi la kujifunzia kwa nia njema kabisa. Pembeni kwa herufi ndogo palikuwa na jina kamili la mgonjwa. Kufikia jioni ilikuwa kwenye kundi la ukoo wake. Tangu siku hiyo sheria yangu ni moja: kesi ni ya kutunga, sauti ni yangu, mwili ni wa mwanangu au wangu. Picha ya mgonjwa haiingii kwenye kundi, hata ikikatwa kichwa.

*Kazi ya mwalimu.* Inakula usiku. Saa tano mtu anakuuliza, "Dokta, na kama ana pumu?" Weka saa za kufunga na uziheshimu mwenyewe kwanza.

*Inamfaa:* wanaoanza masomo ya kliniki, matabibu, wenye simu ndogo na bando la kuungaunga, na mwalimu mwenye subira ya kusoma majibu manane.

4. Raundi ya wodini kwa simu

Daktari yuko wodini, wanafunzi wako nyumbani, simu au tableti ndiyo jicho lao. London wakati wa Uviko-19 kuna madaktari waliovaa miwani ya HoloLens, walio nje wakaona wanachokiona wao. Sisi tulikuwa na simu ya intern kwenye kijiti cha kujipigia picha.

*Ushiriki.* Kwa wanafunzi wanne au watano ni mkubwa sana, kwa sababu wanamuuliza mgonjwa wenyewe na yeye anawajibu. Kwa thelathini ni sinema.

*Bando na umeme.* Inataka mtandao imara wodini, na wodi zina kuta nene. Barakoa inameza maneno. Kwenye majengo ya pembeni mwa bahari, kama ya hospitali yetu ya Bombo, dirisha likiwa wazi upepo unaingia kwenye maikrofoni kama mgeni asiyebisha hodi.

*Siri ya mgonjwa.* Ridhaa ya mgonjwa iombwe kwa Kiswahili anachokielewa, kabla simu haijatolewa mfukoni, na aambiwe ni akina nani wako upande wa pili. Asirekodiwe. Na asiombwe wakati anapohangaika kupumua. Aliye kwenye hali hiyo hakatai lolote.

*Kazi ya mwalimu.* Ndiyo ghali kuliko zote, maana inamchukua mtu wodini wakati wodi imejaa. Tukumbuke kwa nini wanafunzi waliondolewa: Jumuiya ya Vyuo vya Udaktari ya Marekani ilishauri tarehe 17 Machi 2020 kwamba mazoezi ya wodini yasimame kwa muda, na vifaa vya kujikinga vilikuwa haba. Kama nesi ndiye atakayeshika simu, njia hii haifai.

*Inamfaa:* mwaka wa 4 na wa 5, vikundi vidogo, hospitali yenye utulivu.

Kuhusu mikono

Hakuna kati ya hizi nne inayokufundisha kupapasa wengu. Hata hivyo mwili upo nyumbani. Mwanafunzi anaweza kumpima bibi yake mapigo ya moyo kila asubuhi kwa wiki nzima, kwa ruhusa ya bibi. Anaweza pia kujifunza kugonga kifua bila kifua: pipa la maji lililojaa nusu, kidole cha kati cha mkono mmoja kimelala juu ya ubavu wake, cha mkono mwingine kinagonga, anashuka taratibu mpaka sauti ibadilike kutoka tupu kwenda nzito. Aweke alama ya chaki, afungue kifuniko aone kama amepatia. Leopold Auenbrugger, aliyeandika kuhusu kugonga kifua mwaka 1761, alikuwa mtoto wa mwenye nyumba ya wageni, na husimuliwa kwamba alilitoa wazo kwenye mapipa ya mvinyo. Kwa hili la pipa, WhatsApp inaizidi Zoom: Zoom huzisafisha kelele za nyuma, na mlio wa pipa kwake ni kelele.

Kwa hali yako

*Una wanafunzi 150 wa mwaka wa 1 waliotawanyika mikoani.* Video fupi na maswali, kisha nusu saa mubashara kila wiki. Usianzie Zoom, utawapoteza wa vijijini wiki ya kwanza na hutajua.

*Una arobaini wa mjini, wenye mtandao wa kueleweka.* Darasa mubashara lenye kura kila baada ya dakika kumi, na vyumba vidogo angalau mara moja. Kama huna mwenzako wa kusoma maandishi, mpe kazi hiyo kiongozi wa darasa.

*Wanaanza kliniki na wodi haziingiliki.* Kesi za WhatsApp, vikundi vya wanane. Ukiwa na vikundi vitano na uko peke yako, tumia kesi moja kwa wote lakini pishanisha siku.

*Wamebakiza miezi michache wahitimu.* Raundi kwa simu kama hospitali inakubali, hata mara moja kwa wiki, na kesi siku nyingine. Chuo kikifunguliwa, hawa ndio watangulie kurudi wodini.

*Chuo hakijasema lolote, na wewe ni mwanafunzi tu.* Tafuta wenzako watano. Mwombeni intern mmoja mnayemfahamu awape kesi mbili kwa wiki. Nyingine mtungiane wenyewe kwa zamu, anayetunga ndiye anayekuwa mama wa mtoto. Mchangieni bando. Na kama ni mtu wa hapa Tanga, msimtumie majibu Ijumaa mchana mkategemea atajibu kabla ya alasiri.